Tulivyokuwa Tukizikosoa Picha Bariadi

Tarehe kumi na nne mwezi wa tano mwaka huu nilimpoteza mke wangu, Milembe. Misa ya kumbukumbu yake ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, na kaka yake mkubwa, shemeji Ng'wandu wa Migato, akaagiza ipatikane picha kubwa ya kuweka mbele kanisani. Hakuona kama hilo ni jambo gumu, kwa kuwa mimi nimeishi kwa kupiga picha. Nilifungua maboksi, nikayafunga, nikayafungua tena, wala sikupata picha moja ya kuitazama nikasema huyu ndiye. Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, natoka hadi getini, narudi. Haya nawaandikia vijana wanaopiga picha kwa simu, kwa sababu nikiandika angalau nakaa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la kuazima. Studio ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Bariadi, na nyuma yake kachumba kasikopitisha mwanga hata kidogo. Hicho ndicho tulichokiita chumba cha giza, mahali filamu ilipooshwa kwa dawa mpaka sura za watu zikajitokeza. Nilidhani nitapewa kamera. Mwenye Studio, ambaye sisi wafanyakazi hatukuthubutu kumwita kwa jina, alinipa rundo la picha zilizoharibika, akaniuliza ile ya juu ina nini.

"Mbaya," nikasema.

"Sikukuuliza ubaya wake. Unaona nini?"

"Mtu."

"Mtu gani? Anatazama wapi? Mwanga unamjia kutoka upande gani? Wewe una macho au una matundu tu?"

Kila wiki, tukishafunga mlango, picha zetu zilimwagwa mezani. Mwenye picha alinyamaza. Wengine walitaja kwanza wanachokiona, kisha kinachokosekana, halafu kila mmoja alisema yeye angesimama wapi. Maneno "nzuri" na "mbaya" yalipigwa marufuku, na aliyeyatamka alifagia studio. Nilifagia sana. Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi, maana mtu akitaja kasoro ya picha yako, mdomo unataka kueleza jua lilivyokuwa kali na mteja alivyokuwa mkorofi. Mwenye Studio alisema mteja hatapeleka maelezo yako nyumbani, atapeleka picha.

Milembe nilimkuta pale. Kazi yake ilikuwa kugusa, yaani kuziba vidoa vya vumbi kwenye picha kwa brashi nyembamba na wino. Picha haikutoka bila kupita mikononi mwake, na kila iliyopita aliisemea. "Huyu umemtisha." "Hapa ulikuwa unawahi kula." Alisema bila kuinua kichwa, na akikasirika alihamia Kisukuma. Tulipooana niliona labda atapunguza. Hakupunguza.

Baadaye Mwenye Studio alinituma minadani. Mnada wa Lingeka nilikwenda wakati wa mauzo ya pamba, watu wanapokuwa na nguo mpya. Kule mtu alitaka aonekane mzima, kuanzia kofia hadi viatu, na ikiwezekana na dume lake la ng'ombe pembeni. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kusogelea uso. Nilimpiga mfugaji mmoja kuanzia kifuani kwenda juu, uso umetoka kila mkunjo, nikampelekea kwa majivuno. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mwenzangu, miguu yangu umemwachia nani?"

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilimpiga upya, na safari hii niliuliza kwanza anataka nani amwone. Alisema ni mama yake mzazi, hawezi tena kutembea, na alisikia kwamba mwanawe aliumia mguu. Nilipomweleza Milembe, alisema, "Sasa umeanza kazi." Nassa, kwenye mwambao wa ziwa, nilijifunza jambo jingine: mchanga mweupe nao unarusha mwanga, unamwangaza mwanika dagaa kutoka chini kama ameshika taa. Hilo niliambiwa na mama mmoja aliyekataa kuchukua picha yake kwa sababu, alisema, nimempa sura ya mchawi.

Miaka yangu ya mwisho niliajiriwa ofisi ya serikali chini ya Afisa Habari. Mkosoaji huyo alikuwa na maswali mawili.

"Kiongozi yuko katikati?"

"Yuko katikati."

"Anaonekana anapanda mti?"

"Ameshika koleo."

"Basi, tuma."

Nilimwonyesha Milembe ile picha ya mti. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Huu mti ulishapandwa," akasema. "Udongo umekauka." Hakuna mwingine aliyeona. Ilikuwa kweli.

Nilipostaafu, vijana wachache walianza kuja barazani kwangu Jumapili mchana na simu zao. Wanaodumu ni wawili: Kabula, fundi cherehani wa jirani, na Masanja, dereva wa bodaboda anayependa kupiga mawingu. Tatizo la vijana ni kwamba picha zao zinasifiwa kabla hazijatazamwa.

"Mzee, hii watu wengi wameipenda," Masanja alisema siku ya kwanza.

"Wamependa nini ndani yake?"

"Wameipenda tu."

Niliwapa utaratibu wa Mwenye Studio. Masanja alifagia baraza langu majuma mengi. Milembe alipita na sufuria akatazama juu ya mabega yao, akatia neno lake, akaenda.

Jumapili iliyotangulia misa walikuja kunipa pole tena. Niliwaambia pole nimezipokea, leo tufanye kazi. Nikaweka mezani picha ya Milembe niliyoiona bora kuliko zote. Niliipiga studio, taa moja ubavuni, nyingine nyuma kutenganisha nywele na pazia. Shemeji angeipenda. Mimi, mwenye picha, nikanyamaza.

Hawakutaka kuanza. Nikawaonyesha fagio.

"Naona mama amekaa wima," Masanja akasema. "Naona gauni limepigwa pasi."

"Naona mikono imewekwa," Kabula akasema.

"Imewekwa vipi?"

"Kuna mtu kaja, kaishika, kaiweka pale. Vidole havijui vinafanya nini."

Masanja akaisogeza karibu. "Mzee, naona mtu anayesubiri mpiga picha amalize."

"Inakosa nini?"

Kabula aliangalia chini. "Baba, nisamehe. Mama hakukaa kimya hivi hata siku moja."

Nilisimama. Nilizunguka nyumba, nikapita kwenye banda la kuku, nikafika tena barazani, nikazunguka mara nyingine. Mdomo ulitaka kueleza taa zile zilivyokuwa. Lakini walikuwa wamesema walichokiona, nami nilikuwa nakiona sasa kwenye kila picha yake niliyowahi kupiga. Mbele ya kamera yangu alikuwa mteja tu. Niliporudi nikawauliza kama kuna mwenye picha yake nyingine, yoyote ile.

Kabula alishika simu kwa mikono miwili. "Ninayo. Sikuwahi kuileta hapa. Mbovu."

"Chukua fagio," Masanja akamwambia.

Ilikuwa picha ya Milembe juu ya jiwe pana lililo nyuma ya nyumba yetu, anaanika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande ili vikauke. Kanga ya jikoni, kilemba kimelegea. Ameinua mkono, kinywa wazi, na jicho lake moja limejikunja kwa namna niliyokuwa nimeanza kuisahau katika muda huo mfupi tu.

Nilimwambia Kabula ukweli wote, kwa sababu alistahili. Jua lilikuwa utosini, ndiyo maana paji la uso limeungua kwa weupe na macho yameingia kivulini. Jiwe limeinama upande. Mkono ulioinuliwa ni ukungu mtupu kwa kuwa mpiga picha naye alitikisika. Angebana viwiko mbavuni, angehamia upande wa mkuyu, angesubiri wingu.

"Angekuwa ameshaacha kunifokea, baba," Kabula akasema. "Nilikuwa nimekanyaga michembe yake."

Nilimwomba picha hiyo.

Kijana wa kuchapisha picha mjini aliifungua kwenye kompyuta, akaniuliza, "Nimng'arishe bibi kidogo? Na kinywa naweza kukifunga." Nilimwambia asiguse kitu. Kisha nikamrudisha kwenye paji la uso, nikamwonyesha pale palipoungua, apapunguze weupe kidogo, basi. Hiyo ingekuwa kazi ya Milembe.

Ijumaa shemeji Ng'wandu alifika. Aliitazama fremu ukutani, hata mkoba hakuutua.

"Ndiyo hii? Dada yangu na kanga ya jikoni?"

"Ndiyo hii, shemeji."

"Wewe una nyumba nzima ya picha. Watu watasema ulimwonea uvivu." Alisogea. "Kinywa wazi. Anamfokea nani?"

"Mimi," Kabula akajibu kutoka mlangoni, alikokuwa akimenya ndizi na wanawake wengine.

"Ulifanya nini?"

"Nilikanyaga michembe."

Shemeji akacheka puani, mara moja, kisha uso ukabadilika. Aliomba kiti akakaa mbele ya ile picha, na wanawake wakapunguza sauti. Hakuitaja tena. Jioni nilimsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba picha ipo.

Mimi siku zote nilitoa ukosoaji kwa urahisi kuliko nilivyoupokea, na kwa umri huu bado unanichoma. Lakini ningeulizwa na kijana anayeanza, ningemwambia atafute mtu mmoja asiyeogopa kumwambia anachokiona, amtunze. Mimi nilikuwa naye nyumbani, na sasa sijui nimwonyeshe nani nikiinua kamera. Mara nyingi siiinui.

Jumamosi tuliiweka picha mbele kanisani, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, mwanga wa dirisha unaijia kutoka kushoto. Padri alikuwa ameshaanza, somo la kwanza linasomwa, mama mmoja wa jumuiya yetu alipoingia anahema, ametoka shamba la mbali. Alipita mbele kutafuta nafasi, akafika kwenye meza, akakutana na lile jicho na ule mkono.

"Nimechelewa, mayu, najua," akaiambia picha kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kisukuma, akaenda kukaa.