Bamba la Theluji kwenye Simiti ya Shemeji

Shemeji hakuwahi kuniita kwa jina. Tangu nilipohitimu uhandisi, nikakosa kazi na kuhamia chumba cha nyuma nyumbani kwake na dada yangu, Arlington, aliniita Injinia, akilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Majira ya baridi yaliyotangulia, barafu ilikuwa imemfungia dada yangu nyumbani. Gari lake liliserereka kwenye mteremko wa kutokea gereji, likakaa upande, akarudi ndani akilia. Dada ni muuguzi. Msimamizi wake alimwambia kwamba akikosa zamu tena kwa sababu ya hali ya hewa, asihangaike kurudi. Shemeji alikuwa amepunguziwa saa za kazi ghalani, kwa hiyo mshahara wa dada ndio uliotulisha sote. Labda ndiyo maana mimi na shemeji kila mmoja alimwona mwenzake mzigo.

Utabiri ulipotaja theluji, nilimwomba shemeji trekta lake dogo la kukatia nyasi. Mabamba ya kusukumia theluji ya dukani yalikuwa ghali mno. Nilitaka kuunda langu kwa tangi bovu la kuchemshia maji ambalo jirani alikuwa amelitupa. Ukilipasua kwa urefu, tayari lina mpindo unaotakiwa.

"Trekta nakupa," alisema. "Lakini simiti yangu mpya ya mteremko ukiikwaruza, utailamba mpaka iwe laini."

"Nitaweka mpira chini ya bamba."

"Weka. Halafu ulale wewe chini ya mpira."

Nilipasua tangi kwa grainda, nikachomelea vyuma viwili mgongoni, nikalifunga kwa bolti mbele ya trekta. Ukingoni nikafunga ukanda wa tairi kuukuu. Kisha nikaanza kufikiri, kazi ninayoiweza kuliko zote. Je, bolti zikikatika? Je, bamba likinasa kwenye ufa, trekta likaserereka hadi kwenye gari la dada? Nililegeza nikakaza, nikalegeza tena.

"Ukizidi kuisumbua hiyo bolti," dada aliniambia, "itaomba talaka."

Theluji haikuja. Ilinyesha mvua iliyoganda kila ilipogusa, na asubuhi mteremko mzima uling'aa kama sahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa theluji ya majimbo ya kaskazini, ile ya kwenye video. Nikawasha trekta nikashusha bamba. Mpira uliteleza juu ya barafu, ukaipangusa.

Shemeji alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Asante, Injinia. Sasa lete nta tuimalizie."

Dada alitokea nyuma yake akiwa amevaa sare, soksi amezivuta juu ya viatu asiteleze. "Nikifika barabara kuu nitaenda," alisema. "Huko wamemwaga mchanga." Akaenda kukwangua kioo cha gari.

Nilichukua spana nikapiga magoti mbele ya bamba.

"Unafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Natoa mpira."

"Usiuguse huo mpira."

"Basi chagua, shemeji. Simiti au zamu."

Alimtazama dada. Dada hakugeuka, aliendelea kukwangua. Nikang'oa ukanda, nikaurusha kwenye nyasi. Safari hii chuma kiliuma. Barafu ilipasuka vipande vipande, na nyuma yangu mistari myeupe ikajichora kwenye simiti, mmoja baada ya mwingine. Sikuinua bamba mpaka nilipofika chini.

Dada aliteremka polepole, akakata kona, akaenda.

Shemeji alishuka na buti zake, akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mrefu kuliko yote.

"Jioni akirudi," alisema, "utamweleza mwenyewe kwa nini unahama kesho."

"Kesho ana zamu tena. Na wanasema usiku itanyesha hivi hivi."

Alipitisha kidole tena kwenye mkwaruzo.

"Basi utahama keshokutwa," alisema. Akachomoa ufunguo wa trekta. "Huu nitakupa alfajiri," akasema, akaingia nao ndani.