Marlys Habofyi

Marlys Hjelmstad ndiye mtu pekee niliyemjua aliyelipwa na serikali kwa kutudanganya. Kila mwezi alitutumia barua pepe za uongo: umeshinda tikiti za besiboli, mzigo wako umekwama posta, bosi anataka neno lako la siri upesi. Ukibofya kiungo, umekwisha. Alhamisi unakaa kwenye semina yake, unatafuna donati alizonunua mwenyewe, unaelezwa kwa upole jinsi ulivyo mjinga. Ukishtuka na kuiripoti, anakupungia mkono kama shangazi harusini.

"Donati za aibu ndizo tamu," alisema Ruben Castañeda, aliyezikula kuliko sisi sote.

Kitengo chetu kililinda mitambo ya maji ya miji midogo dhidi ya wadukuzi. Mji mdogo hauna mtaalamu. Una bwana mmoja na kompyuta iliyochoka, na mabwana hao wote walikuwa na namba ya Marlys. Aliipenda kazi hiyo kuliko nyumba yake ya Arlington, ambayo tangu mumewe afariki ilikuwa mahali pa kuvulia viatu tu.

Kisha chama kingine kikashinda uchaguzi, kikaja na mpango wa kuipanga serikali upya. Kiliamini sisi ni watu wa wapinzani wake. Chama kilichotoka nacho kiliamini sisi ni watu wa hawa walioingia. Marlys anampigia nani kura, hakuna aliyejua. Gari lake lilikuwa na kibandiko cha timu ya hoki ya kwao Minnesota, basi.

Jumatatu moja barua ikaingia. Anwani ngeni, makosa ya tahajia tangu mstari wa kwanza. Kitengo kinahamishiwa wizara nyingine, ilisema. Anayetaka kubaki abofye hapa na kuweka neno lake la siri kabla ya Ijumaa mchana. Asiyejibu atahesabiwa amejiuzulu.

Ofisi nzima ilicheka.

"Marlys, safari hii umezidi," Ruben alisema. "Eti nimejiuzulu!"

"Si mimi."

"Hata ungekuwa wewe ungesema hivyo hivyo."

"Namwapia mama yangu, Ruben."

"Ulimwapia mama yako huyo huyo kwenye ile ya piza."

Tukairipoti sote. Marlys, kama alivyotufundisha, akapiga namba anayoijua ya ofisi ya utumishi. Haikupatikana. Ofisi yenyewe ilikuwa imevunjwa.

Kufikia Ijumaa asubuhi, wenzetu wa ghorofa ya chini walikuwa wamethibitisha: barua ni ya kweli. Tukamzunguka Marlys mezani kwake. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, hausogei.

"Bofya, mama, tuendelee na maisha," Ruben alimbembeleza.

"Inaomba neno la siri. Nikilitoa leo, kesho nitamwambia nini Orville?" Orville alikuwa bwana wa maji wa mji mmoja kule Nebraska, aliyefundishwa na Marlys asitoe lake kamwe.

"Utamwambia bado una kazi."

Alifikiri, kisha akageuza kiti akatazama dirishani. "Ninyi mna watoto. Bofyeni. Mimi sioni kitu."

Tukabofya nyuma ya mgongo wake, mmoja mmoja, kama wezi wa sukari. Ruben alipomaliza akauliza donati ziko wapi. Mchana ulipofika, Marlys alikuwa amejiuzulu.

Majira ya kuchipua, mtu asiyejulikana akaanza kuchezea pampu za Orville kutoka mbali. Bosi wetu mpya, Brantley Oakes, kijana mwenye beji ya chama kifuani, alimtumia Orville onyo. Anwani ilikuwa ngeni, Orville akaliripoti. Alipompigia simu, Orville akakata. Brantley akamwandikia Marlys kumsihi arudi. Marlys akairipoti. Akaandika tena, ikaripotiwa tena.

Mwishowe Brantley alinibeba kwenye gari lake hadi Arlington. Marlys alifungua mlango, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Kitambulisho."

"Marlys, ni mimi," nilisema.

"Wewe nakujua, mpenzi. Huyu simjui."

Brantley alikuwa amekiacha kwenye gari. Akarudi kukichukua, masikio yamemwiva kwa aibu. Marlys alikikagua mbele na nyuma, akatukaribisha jikoni, akampigia Orville.

"Wewe ndiye kweli?" sauti ya Orville ikanguruma. "Mbwa wangu anaitwa nani?"

"Mabel. Na hapendi paka. Orville, mtu yuko ndani ya mtambo wako. Chomoa waya wa intaneti, pampu uziendeshe kwa mkono."

Tulisikia kiti kikiburuzwa, kisha nyayo. "Nimechomoa," alisema. "Mbona hamkuniambia mapema?"

Marlys akamsogezea Brantley kahawa.

"Kazi yako iko," Brantley alisema. "Nitakutumia barua pepe ya..." Akajirekebisha. "Nitaileta mwenyewe."

"Ilete Alhamisi," Marlys alisema. "Donati unazopenda zina nini juu?"