Kifuniko cha Chupa ya Mama Kushal

Tik.

Skrubu ya saa ikianguka kwenye sakafu ya saruji hailii zaidi ya hapo. Lakini Nasma, binti wa mzee Abeid fundi saa wa Mabatini, aliijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma. Ikisikika tu, baba yake alisema bila kuinua kichwa, "Hapo hapo." Na kila aliyekuwa dukani aliganda: mteja na mkono wake mfukoni, mama na sinia la chai, mtoto na mguu mmoja hewani. Hakuna aliyetikisika mpaka mzee apige magoti na tochi yake, aitafute, aiokote. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama. Ikinata kwenye soli ya ndala ikaenda zake, saa ya mtu imekwisha. Nasma alikulia ndani ya amri hiyo, na mwili wake ukajifunza kuganda kabla akili haijaulizwa.

Sasa ni mtu mzima. Alisomea maabara, akakaa Magu miaka kadhaa akitafuta vimelea vya malaria kwenye vioo, kisha akachukuliwa na maabara ndogo ya utafiti iliyo juu ya kilima, madirisha yake yakitazama ziwa. Huko kazi yake ni kukuza seli.

Aliwahi kumweleza baba yake hivi. Ndani ya damu zipo seli changa ambazo, zikilishwa vizuri na kuwekwa kwenye joto kama la mwili, huota matawi. Zikishaota matawi huwa walimu. Unazipa uvimbe wa mgonjwa uliosagwa, zinaumeza, zinaujua kwa sura. Kisha zinarudishwa kwa mwenyewe, chini ya ngozi, karibu na mitoki wanakokusanyika askari wa mwili, zikawaambie kwamba adui ni huyu, mtafuteni. Inachukua kama juma zima. Na juma hilo zima seli hizo zimo chupani, hazina ngozi wala homa ya kuzilinda. Bakteria mmoja akiingia leo, kesho ni kijiji. Kilichokuwa kiwe dawa kinakuwa sumu.

Mzee Abeid alisikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe binti yake naye ni fundi saa.

Mwaka huu ikaletwa damu ya Saroj. Mabatini nzima humwita Mama Kushal, kwa jina la mwanawe. Anauza nyuzi, vifungo na zipu, na sare zote za shule alizovaa Nasma zilishonwa kwa uzi wake. Saratani ilimwanzia kwenye figo, ikakatwa, ikarudi kifuani. Dawa zilizokuwepo zilishajaribiwa. Kilichobaki ni kipande cha ule uvimbe kilichohifadhiwa kwenye barafu, kidogo, cha kutosha mara moja tu. Aliingia kwenye majaribio haya akijua hakuna aliyemwahidi kitu.

Siku ya kutolewa damu Nasma alikwenda kumsalimia.

"Marahaba, binti Abeid. Mwambie baba yako nataka saa yangu ya ukutani."

Nasma akamjibu kwamba baba anasema spea iko njiani.

"Miaka yote hii iko njiani? Inatembea kwa miguu?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda mrefu kumwachia.

Siku ya kuzilisha seli, usubi, vile vijidudu vya ziwani, ulikuwa umetanda juu ya maji kama nguzo za moshi, na upepo ulikuwa unauleta mjini. Walifunga madirisha yote, wakaziba nyufa kwa utepe wa gundi. Nasma alivaa mavazi meupe, barakoa, glavu mbili mbili, akaketi mbele ya kabati la hewa safi. Uvimbe uliosagwa ulikuwa umeyeyushwa, wote, halikubaki hata tone la akiba. Akafungua chupa ya Mama Kushal, akaumimina taratibu. Alipokuwa anarudisha kifuniko kikateleza kwenye glavu, kikagonga chuma.

Tik.

Nasma akaganda.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kifuniko kuanguka si ajabu, kila mtu wa kazi hiyo kimewahi kumponyoka. Unakiacha, unachukua kipya, unafunga upesi. Yeye alikaa kama sanamu, mkono wake umening'inia juu ya mdomo wa chupa iliyo wazi, akingoja mtu apige magoti na tochi. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu. Ndipo akajiona. Akachukua kifuniko kipya akafunga.

Alimweleza mkuu wa maabara saa ile ile. Venant ni Mhaya mwenye utani na watu wote.

"Kwa hiyo mwizi anapita," akasema, "na wewe umesimama unamshikia mlango."

Kisha alimtazama machoni, na utani ukamwisha. Akasema chupa haiwezi kumwagwa kwa hofu tu, kwa sababu hakuna uvimbe mwingine wa kuanzia upya. Watachukua tone, walitie kwenye mashine inayonusa pumzi ya bakteria. Jibu litakuwa tayari siku ya sindano, mchana. Likiwa baya, wanamwaga.

Tangu hapo sauti ile ilimfuata Nasma kila mahali. Kijiko kikigusa kikombe, tik. Ufunguo kwenye kitasa, tik. Akila, chakula hakishuki. Akiswali, anajikuta hajui yuko rakaa gani. Akifumba macho alimwona Mama Kushal akiungua kwa homa, na katikati ya homa hiyo mkono wake mwenyewe, umening'inia, haushuki.

Alasiri ya siku ya pili alipita dukani kwa baba yake. Mzee alikuwa ameinamia saa, lenzi jichoni. Nasma akamsimulia yote, kifuniko, kuganda, na chupa ni ya nani. Mzee akavua lenzi. Juu yao, ukutani, saa ya Mama Kushal ilikuwa imesimama kwenye saa yake ile ile ya miaka yote.

"Basi nilikufundisha vibaya," akasema.

Nasma akakana. Mzee akainua mkono kumzuia, na Nasma akauona mkono ule unatikisika kidogo, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Mzee naye akauona. Akaushusha chini ya meza.

Asubuhi ya siku ya sindano Nasma aliiweka chupa chini ya hadubini. Seli zilikuwa nzuri, zimeota matawi, zimekaa kama miti ya mikwaju iliyoonwa kutoka juu. Lakini katikati yake kulikuwa na vidoa. Vidogo, vyeusi. Na vilikuwa vinachezacheza.

Akaondoa jicho kwenye hadubini.

Akajilazimisha kutazama. Utotoni, pale ufukweni penye mawe, yeye na wenzake walishindana kukisia kilicho hai majini. Kilichokufa huyumba palepale na wimbi. Kilicho hai hulikata wimbi kikaenda kinakotaka. Akachagua kidoa kimoja, akakikodolea mpaka jicho likatoa machozi. Kilitetemeka, hakikuondoka. Akachagua kingine. Nacho hivyo hivyo. Huenda yalikuwa mabaki ya uvimbe. Lakini alijua jinsi anavyotaka yawe mabaki, na kwa sababu hiyo hakuliamini jicho lake.

Alimwita Venant. Naye akatazama kwa muda mrefu.

"Mimi naona takataka tu," akasema. "Ila na mimi nampenda yule mama. Tungoje mashine."

Mama Kushal alikuwa ameshafika, amevaa sari ya kijani na sweta juu yake, amekonda kuliko juma lililopita. Nasma hakuweza kuupita mlango wa chumba chake kimya kimya. Alimwomba Venant ruhusa, naye akasema ni haki ya mgonjwa kujua, wakaenda wote wawili. Nasma akaeleza: kuna kilichoanguka, mimi nikaganda badala ya kufunga, tunasubiri kipimo, kikiwa kibaya hakuna sindano, na hakuna nyingine. Alisema akitazama kandambili za mama yule, kwa sababu uso hakuuweza.

Mama Kushal akavuta ncha ya sari akajifuta mdomo.

"Aliganda," akamwambia Venant, kama anayemtafsiria. "Mimi mwenyewe nilisimamishwa pale kwa baba yake, mguu mmoja juu kama korongo, na sambusa mdomoni. Nikaogopa hata kutafuna." Kisha akamgeukia Nasma, na sauti yake ikawa nyingine. "Naogopa, mwanangu. Usinidanganye kitu leo."

Wakakaa. Wakangoja mpaka mashine ilipotoa jibu.

Hakukuwa na pumzi ya kiumbe yeyote. Chupa ilikuwa safi, na vipimo vingine vilivyofuata vikakubali. Nasma aliingia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Akazikusanya seli, akaziosha, akazivuta kwenye sindano, akaibeba ndani ya kisanduku kwa mikono miwili. Alidhani hofu itakuwa imekwisha. Kumbe ilikuwa imebadilisha makao tu. Walimu walikuwa hai. Kama watasikilizwa huko ndani, hakuna mashine ya kulinusa hilo.

"Mbona unatetemeka?" Mama Kushal alimuuliza. "Anayechomwa ni mimi."

Daktari akapangusa ngozi karibu na kwapa kwa spiriti. Mama Kushal akafumba macho, akamshika Nasma kidole kimoja, akakibana. Sindano ikaingia, maji yake machache, hata kijiko hakijai. Nasma hakuitazama sindano. Alikitazama kifua kilichokuwa kinapanda na kushuka chini ya sweta, mahali ulipokuwa ule uvimbe, ukikua bila kelele. Akainama kidogo, na kwa sauti ambayo hata daktari hakuisikia, akauambia:

"Hapo hapo."