Wanawake Thelathini na Wanane Chini ya Meza

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kahawa pale Ndosho, kapita hakuniuliza jina. Aliniuliza kama macho yangu ni mazima, akanisukumia sinia na kusema, "Mubaya weka kushoto." Nikauliza mbaya ni ipi. "Ile utaikatala kwako nyumbani." Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Ninyi mnaoanza leo nawaongezea: kuchambua ni kuondoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, baada ya mashine ya kukoboa kuvua ganda. Kapita ndiye msimamizi wa ukumbi. Chini yake tulikuwa wanawake arobaini ukinitia na mimi. Nilihesabu asubuhi, nikarudia jioni, maana kiwanda kile kilikuwa na tabia ya kupungua watu kimyakimya.

Nilikaa mezani miaka kumi na miwili, na kwenye mizani ya kupimia magunia miaka minne. Kisha wenzangu wakanichagua kuwa delege, yaani yule anayepanda ngazi kwenda kumwambia Direkta kile ambacho wengine wanakisema chooni. Hawakunichagua kwa elimu. Walikuwa wameniona sokoni nikipatana bei ya sombe, yale majani ya muhogo.

Nilianza na vitu vinavyoonekana: barakoa za vumbi, maji ya kunywa, viti vyenye mgongo. Niliomba viti themanini, nikapewa arobaini, na arobaini ndivyo nilivyotaka. Mambo ya ndani ya mtu ndiyo yaliyonishinda. Siku moja shefu wa personeli, anayetunza mafaili ya wafanyakazi, alileta karatasi: andika kuanzia moja hadi tano, unalala vipi, moyo wako uko vipi. Wote tukaandika tano. Shuleni kwetu nani alitaka kurudi nyumbani na moja juu ya tano? Shefu akaandika ripoti kwamba hali ni nzuri sana. Mimi nikahesabu wanaolia nyuma ya magunia: watatu. Nikarudia: wanne. Kila mmoja alikuwa na tano yake.

Mmoja wao alikuwa Esperansi, aliyekimbia vita kutoka Rutshuru na watoto watatu. Alikuwa mwepesi wa mkono, lakini mashine ilipowashwa alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe.

Asubuhi moja mkanda wa mashine ulikatika: paa! Esperansi akalala chini ya meza. Katika mji huu mtu akilala hatuulizi. Tunalala, ndipo tunauliza. Sinia zikapinduka, kahawa safi ikachanganyika na mbovu, kazi ya siku mbili ikawa vumbi, na lori la mnunuzi lilikuwa linangoja getini. Tulibaki wawili tu tumesimama: Mama Sifa, ambaye hasikii, na mimi.

Direkta akashuka. "Nani alianza?"

Kapita, kofia yake ikiwa bado na uchafu wa sakafu, akamwonyesha Esperansi.

"Ule mama anafundisha wengine woga," Direkta akasema. "Kesho asirudi."

Esperansi akaanza kuokota punje sakafuni. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inalipia chumba chake kimoja. Akiikosa, anarudi kambini na watoto. Nilipita kwanza nyuma ya magunia, nikamwita Mama Sifa tukamaliza jambo letu dogo, kisha nikapanda ngazi.

"Direkta, waliolala ni thelathini na wanane. Kapita, thelathini na tisa. Na weye, suruali yako iko na vumbi kwenye magoti. Hesabu na Kifaransa kama unapenda, itatoka karante tu, arobaini."

Akajipangusa magoti bila kucheka. "Lakini wewe ulisimama, Mama Delege. Kama unaweza, naye aweze. Mutu wa nguvu ndiye nahitaji hapa."

Miaka yote bei yangu ilikuwa hiyo: mama asiyetetemeka. Na muuzaji hamwonyeshi mteja tundu la kitenge. Mlangoni shefu wa personeli alikuwa anasikiliza, kalamu mkononi.

"Direkta," nikasema, "sikusimama. Miguu ilikatala. Nilitaka kulala, sikuweza hata kupiga goti. Nilijikojolea. Hii kitenge si ile nilikuja nayo. Nimeazima kwa Mama Sifa."

Shefu akateremsha kalamu. "Na kwenye karatasi uliandika ngapi, Mama?"

"Tano."

Direkta akavuta kiti, akakaa. "Unataka nini?"

Niliomba daktari wa mambo ya hofu na huzuni, chumba cha kupumzikia, na kwamba Esperansi ndiye awe anawasha mashine. Niliomba vitatu ili nipate hicho cha mwisho.

"Uko unacheka?"

"Mukono wenye kuwasha unajua mulio unakuja saa gani. Na apite kwanza kwenye kila meza, awaambie wengine."

Kapita alikuwa kwenye ngazi, akapiga kelele: "Mwanamuke? Ataunguza moteri!"

"Weye umeiwasha miaka ishirini, na leo mukanda umekatika."

"Wiki moja," Direkta akasema.

"Mbili."

"Moja, Mama. Akianguka tena, kwisha."

Nikanung'unika kama aliyeibiwa. Nilikuwa nimetarajia siku tatu.

Mkanda mpya ulipofungwa, sikuweza kukaa. Nilizunguka ukumbi nikipanga sinia zilizokwisha kupangwa. Esperansi alipita meza kumi: "Bamama, minawasha." Akarudi, akaweka mkono kwenye swichi, akauondoa. Kapita akakohoa. Esperansi akapita tena meza zote, kuanzia ya kwanza: "Bamama, minawasha." Hakuna aliyecheka. Akabonyeza.

Mashine ikalia. Wanawake thelathini na wanane walibaki vitini, wengine wameshikana mikono chini ya meza. Aliyeruka ni kapita. Miaka ishirini hakuwahi kuisikia akiwa ameipa mgongo.

Daktari hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Chumba kilipatikana, kikajaa magunia. Msiandike popote kwamba tulipona. Tairi ikipasuka barabarani, Esperansi bado anainama, na mimi miguu yangu bado inakataa. Lakini alibaki kazini. Na siku karatasi zilipoletwa tena, nilikuwa wa kwanza kuandika mbili, nikaiacha mezani wenzangu waione kabla hawajaandika za kwao.

Sasa nimestaafu, nakaa Keshero, na kukaa kwenyewe sijakuweza: nahamisha kiti kutoka kivulini hadi juani, kisha namrudisha kuku ambaye hakupotea. Vijana wanaochaguliwa delege wananiuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na waliyoyaficha wao wenyewe, na kwa hilo wasitarajie kupunguziwa bei.

Barabara ya Rutshuru ikifungwa, kahawa haiingii na mashine inanyamaza wiki nzima. Ikifunguka, Esperansi ananipigia simu kabla ya kushika swichi. "Mama Delege, minawasha."

Kutoka Ndosho hadi kwangu mlio ule haufiki. Hilo analijua, nami nalijua. Namjibu, "Aksanti, mwanangu. Washa."