Siku Madam Alipotupeleka Kutazama Hariri

Hariri ya kweli ikiungua hunuka kama nywele. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, wateja wangu wengi ni mabibi harusi, basi haipiti wiki bila mtu kuniletea kitambaa na kuapa kwamba ni hariri safi, kaletewa kutoka nje. Sibishani naye. Nachomoa uzi mmoja pembeni, naupitisha kwenye moto wa kiberiti, nanusa. Ukinuka plastiki, tunacheka sote wawili na namshonea vivyo hivyo. Ukinuka nywele, mteja hufurahi, na mimi huinuka nikafungua dirisha. Wasaidizi wangu wanadhani nina pumu.

Sina pumu. Nawaambia nyinyi, maana jamaa zangu nimechoka kuwaeleza. Harufu ile hunirudisha Jeddah, ndani ya nyumba moja ya kale, nikiwa bado mtoto, nimevaa gauni jipya, nimeshikwa mkono na mwanamke ambaye si mama yangu.

Nilizaliwa Riyadh. Baba alikuwa dereva wa nyumba moja kubwa, na Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba hiyohiyo, kafili wao mmoja, yaani tajiri aliyewadhamini kuingia nchini. Nikiwa bado nanyonya, Baba alikwenda Mombasa likizo, akaoa huko, ikawa ndiyo nitolee. Tukabaki mimi na Mama kwenye chumba cha uani, nyuma ya jiko, na kiyoyozi chetu kibovu kilichokoroma mchana kutwa. Pasipoti zetu na ikama zetu, vibali vya kukaa kule, alikuwa nazo bosi, mume wa madam mwenye nyumba, ndani ya kabati la chuma ambalo Mama alilipangusa vumbi kila asubuhi. Alilipangusa vizuri sana, kuliko kitu chochote kingine mle ndani.

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu Mama. Kiarabu alikijua chote. Alikijua cha sokoni, cha televisheni, cha mapenzi na cha matusi. Lakini mbele ya wenye nyumba hakuwa na zaidi ya yalla, halas na mafi, yaani haya, basi na hakuna, na hata hayo aliyatamka vibaya makusudi. Wanawake wengi wa kwetu waliofanya kazi kule walikuwa na ujanja huo. "Siku watakayojua nasikia," aliniambia, "watanyamaza mbele yangu, na mimi nitakuwa kipofu humu ndani." Basi jioni, tukishafunga mlango wetu, alikuwa akimwigiza madam akigombana na fundi wake kwenye simu, sauti ileile, kuguna kulekule, mpaka mimi nauma mto nisicheke kwa nguvu. Nilionywa kwamba mambo ya chumba chetu hayatoki nje, na hayakutoka.

Madam hakuwa mtu mbaya kwa kumtazama. Hakupiga mtu, hakupiga kelele, alinukia udi, na sauti yake ilikuwa laini hata alipokasirika. Wanawe walikuwa wa kiume watupu, wote wakubwa, wako masomoni ng'ambo. Jina langu ni Mwanaisha. Lilimshinda, akaniita Shushu. Mama aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu kwetu Kenya shosho ni nyanya. "Haya nyanya, njoo ule," akawa ananitania kila tukiandaa chakula.

Utani huo uliisha wenyewe. Madam alianza kuniita sebuleni. Alinifundisha kumimina kahawa, birika mkono wa kushoto na kikombe mkono wa kulia. Alinifundisha kufukiza udi, kukunja mashuka, kupiga pasi hariri kwa ndani na kwa moto mdogo. Nikipatia, ananibusu kwenye paji la uso. Ati ananifundisha kama mwanawe. Kisha akaamuru godoro langu lihamishwe kutoka uani, liwekwe kwenye kijichumba kilichopakana na chumba chake. "Ulale hapa karibu nami," alisema, "nikikuita usikie."

Mimi nilijiona malkia! Mama alilibeba lile godoro mwenyewe, akalitandika, akanyoosha pembe zote nne, akatoka. Miezi hiyo mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha. Alikuwa ameshamwomba bosi hiruji, yaani ruhusa ya kutoka nchini moja kwa moja, yake na yangu. Bosi alijibu inshallah bila kuinua macho kwenye simu yake. Tangu siku hiyo Mama hakumwigiza mtu yeyote tena. Nikimfuata uani alikuwa ananishika tu, ananinusa kichwa, ananiachia.

Shule zilipofungwa tulisafiri na madam na bosi kwenda Jeddah, kwa dada yake madam aliyekuwa na jumba mtaa wa Al-Hamra, karibu na bahari. Siku ya pili wakasema tunakwenda mji wa kale kutazama makumbusho ya hariri. Bosi alikataa kuja, akasema wanaume hawavai hariri, wana shughuli gani nayo. Ndani ya gari mimi nilikaa katikati ya madam na dada yake, nimevaa gauni la hariri ya kijani alilonishonesha madam, na Mama alikaa nyuma kabisa pamoja na mabegi na chupa za chai.

Hapo ndipo madam alipoanza kuzungumza, kwa Kiarabu, wazi kabisa, kama watu wanavyozungumza mbele ya mto wa kochi. Alisema mama wa Shushu anakwenda kwao baada ya Idi. Shushu atabaki. Ikama ya mtoto iko kwa mume wake, hakuna tatizo, na mama mtu ataambiwa uwanja wa ndege, maana akiambiwa mapema atalia na kuharibu kazi. Dada yake aliuliza, "Na akikataa?" Madam akasema, "Atakataa kwa lugha gani?" Wakacheka kidogo.

Wallahi, nilifurahi. Nilidhani nimepata mama wawili, na huyu mpya ana bwawa la kuogelea. Niligeuka nimtazame Mama nione kama naye amefurahi. Alikuwa anatazama nje dirishani, amelishika begi kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa uleule wa siku zote wa mtu asiyejua Kiarabu. 

Makumbusho yenyewe yalikuwa ndani ya nyumba ya wafanyabiashara wa zamani, ya mawe meupe, na madirisha ya mbao yaliyotokeza juu ya kichochoro. Ndani mlikuwa na giza na baridi. Mwongozaji alikuwa bibi wa Kihijazi mwenye miwani minene na kauli nzuri, na tulikuta wageni wengine, mabibi kadhaa na mabinti zao. Bibi alituonyesha vipande vya hariri vilivyoletwa na mahujaji wa kale kutoka India na Bukhara, wakiviuza njiani wapate chakula cha kurudia makwao. Alituonyesha mtambo wa kufumia, na nguo za harusi ambazo rangi zake zilikuwa bado kali ingawa waliozivaa walishazikwa wote.

Ghorofa ya juu palikuwa na trei za viwavi. Walikuwa weupe, wanene, wengi kupita kiasi, wamelala juu ya majani ya mforosadi, na walikuwa wanakula. Kula kwao kulisikika. Chumba kizima kilijaa mchakacho mdogo usiokoma, kama rasharasha ya mvua juu ya mabati. Hawakuinua vichwa. Bibi alieleza kwamba wakishiba hujifunga wenyewe ndani ya kifuko cha uzi, na wakiachwa, hutoka wakiwa nondo wenye mabawa. Lakini nondo akitoka, anaukata uzi, na hariri imeharibika. Kwa hiyo kifuko hutiwa kwenye maji ya moto kabla hajatoka.

"Akiwa hai?" niliuliza.

"Akiwa hai, mwanangu."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Analishwa tu mpaka siku yake."

Sufuria ilikuwa pale pale juu ya jiko dogo, inachemka. Mvuke wake ulikuwa na uvundo wa kitu kilichovia. Bibi akavitumbukiza vifuko, akavikoroga, akatafuta ncha ya uzi kwa vidole. Akachoma kipande kwenye mshumaa tunuse, tujue hariri ya kweli. Harufu ya nywele ikajaa chumba. Kisha akasema kwamba zamani, katika nchi za hariri, kazi ya kutafuta ncha walipewa wasichana wadogo, kwa sababu ya vidole vyao vyembamba. Wengi walichukuliwa mbali na makwao, wakiambiwa wanakwenda kulelewa. Alisema maneno hayo kwa huzuni, na nina hakika aliyakusudia yawe ya huzuni.

Madam akauinua mkono wangu mbele ya wageni. "Tazameni vidole hivi," alisema, amejaa furaha. "Huyu sasa ananipigia pasi kumshinda mamake. Mama anaondoka, lakini huyu nimembakisha. Nimemfundisha kwa mkono wangu tangu mdogo, sitahangaika tena na maofisi ya kuleta wafanyakazi." Mabibi wakatabasamu kwa heshima. Na mimi nikatabasamu, kwa kuwa nimesifiwa mbele za watu.

Ndipo nikasikia sauti ya madam ikitoka nyuma yetu, na madam mwenyewe yuko mbele yangu mdomo umefungwa.

Alikuwa Mama. Alizungumza Kiarabu cha madam, lafudhi yake, utaratibu wake wote, kile alichokuwa akikiigiza uani. Alisema, "Mtoto huyu ana mama. Mama yake amesimama hapa. Nimeomba hiruji ya watu wawili, na nataka mabibi hawa wasikie ukisema kwamba tutaondoka wawili."

 Maji yalikuwa yanatokota na viwavi wanaendelea kula. Niliuona uso wa madam ukibadilika, na nadhani alikuwa anakumbuka kila alichowahi kukisema mbele ya Mama, miaka yote ile, kuhusu mumewe, kuhusu wifi zake, kuhusu kila mtu. Akasema kwa sauti nyembamba, "Inshallah."

"Inshallah ya nyumba yetu naijua," Mama akasema. "Mimi nataka ndiyo."

Bibi mwongozaji aliweka mwiko wake chini. "Sema ndiyo, dada," alimwambia madam taratibu. "Sote tunasikia."

Madam akasema ndiyo. Lakini hakuuachia mkono wangu mpaka tulipofika kwenye gari, na kucha zake ziliniacha na alama.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Kule Al-Hamra, Mama alinyang'anywa simu. Tulifungiwa chumba cha juu ya paa, mlango unafungwa kwa nje. Chakula alileta dada wa madam mwenyewe, akakiweka chini bila kututazama. Mama hakulala, au kama alilala sikumwona. Mimi nililia, si kwa hofu, nililia kwa sababu nataka kijichumba changu na madam wangu. Adhuhuri moja mlango ukafunguliwa, dereva akasema yalla. Hakusema wapi. Njia nzima Mama alinishika kifundo cha mkono, midomo yake inasoma dua, macho yanatafuta vibao vya barabara, maana gari lile lingeweza kutupeleka popote. Alipoona kibao chenye picha ya ndege, alinivuta kifuani kwake. Dereva alitukabidhi pasipoti zetu zilizoletwa kutoka Riyadh, zenye hiruji, na tiketi mbili mlangoni mwa uwanja, akaondoa gari hata kabla hatujashusha begi.

Mombasa nilimnunia Mama muda mrefu. Nyumba ya bibi yangu pale Majengo ilijaa binamu, maji tuliteka, na hakuna aliyeniita Shushu. Nilimwambia Mama usoni kwamba amenitoa kwa watu walionipenda.  Alinikalisha akanisuka nywele.

Kisha siku moja madam akapiga simu. Alipiga kwenye simu ya bibi, sijui namba aliipata wapi. Niliirukia. "Shushu, habibti!" Sauti laini ileile. Nilianza kulia kwa furaha, nikamwambia nimemkumbuka, nikamwuliza atakuja kunichukua lini. Akacheka. Akasema mambo ya makaratasi sasa ni magumu. Halafu akaniuliza, kwa upole uleule, kama katika jamaa zetu hakuna msichana mwingine. Awe mdogo, mwenye adabu, anayefundishika.

Nilitaka kumfurahisha. Nikamwambia wapo, nikaanza kumtajia binamu zangu mmoja mmoja, umri wao na tabia zao, Riziki, Fatuma, Mwanakombo, na wao wenyewe wamekaa mkekani mbele yangu wananitazama, wanataka kujua nimeambiwa nini. Mama aliingia akasikia majina. Akaninyang'anya simu, akaizima, akatoa laini, akaivunja vipande viwili kwa meno.

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote. Nilikuwa mtu mzima, nina binti yangu mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwamba madam hakunikumbuka mimi hata kidogo. Alikuwa na nafasi moja tu ya mtumishi, na pale mkekani yeyote angeijaza.