Tope Ndani ya Rejeta

Injini iliyochemka ina harufu mbili. Ya kwanza ni ya mpira na chuma, nayo kila dereva anaijua. Ya pili niliijua mimi utotoni, kwenye barabara ya Kulesa kwenda Garsen, na tangu hapo sijaikuta mahali pengine: harufu ya tope la mto Tana lililopikwa, nzito na chachu kidogo, kama chungu kibichi kinapotiwa motoni mara ya kwanza. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea embe na ndizi. Msimu ule mafuriko yalikuwa yamepungua na kuacha mashamba yamefunikwa tope jipya, watu wakifurahia rutuba, ndipo pikapu ikaanza kuchemka. Nilikuwa na miaka kumi. Kila ilipotoa mvuke nilijua sababu, na sikusema.

Kwetu maji ya mto hayanywewi yakiwa mabichi, hutulizwa kwanza. Nyuma ya jiko tulikuwa na mapipa mawili, moja la watu na moja la gari, maana maji ya visima vya karibu yana chumvi na Baba aliamini chumvi ingeitafuna rejeta kabla ya mwaka kwisha. Basi gari nalo lilikunywa mtoni kama sisi, maji yaliyokaa siku mbili hadi tope likazama chini. Kazi yangu ilikuwa kuchota jioni na kujaza pipa lile, kisha asubuhi kuteka kwa kata maji ya juu tu na kuyatia katika jerikeni la manjano, kwa kuwa rejeta ilivuja kidogo kidogo na haikufika Garsen bila kuongezwa. Lakini msimu ule mamba alimnyakua mbuzi wa jirani jioni, pale pale tunapochotea, na miguu yangu ikakataa kushuka mtoni jua likielekea kuzama. Nikawa nangoja asubuhi, wanawake wakishajaa ukingoni, nikazamisha jerikeni moja kwa moja mtoni na kukaza kifuniko. Jerikeni halionyeshi kilichomo. Nyanya yangu alikuwa akisema maji mekundu ndiyo baba wa mpunga, na mimi nikajiuliza, yanayolisha shamba zima yatalidhuru vipi gari moja? Mtoto akitaka kujidanganya hakosi neno la mkubwa la kuegemea.

Aliyeyamimina maji hayo katika rejeta ni Bile. Alikuwa Mworma, wa jamii ya wafugaji, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu. Miaka ya nyuma mke wake alituletea maziwa, nasi tukampa mchele, na hakuna aliyepima nani amezidisha. Ukame ulipomaliza ng'ombe wao, Baba alimwambia Bile aje wapakie embe pamoja. Alikuwa na mikono mirefu na utani mwingi, akaniita "mama ya gari" kwa sababu ya lile jerikeni. Siku moja alikuja mapema, akanikuta napanda ukingo, jerikeni likichuruzika maji mekundu ubavuni. Alilitazama, akanitazama, akalichukua begani. "Mamba mbaya," alisema. "Hata mimi naogopa." Hakusema zaidi, wala siku hiyo wala nyingine.

Baba alijiona daktari wa magari. Kwanza aliushuku mkanda wa feni, akaukaza mpaka ukalia. Gari likachemka. Akang'oa themostati na kuitupa kichakani, akisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Gari likachemka. Akabadilisha mipira ya maji, akaisikiliza pampu kwa sikio lililobandikwa kwenye mpini wa nyundo, kisha akaingiwa na hofu kwamba gasketi ya hedi imeungua. Alichomoa kijiti cha oili na kukipangusa kidoleni akitafuta weupe wa maji, lakini oili ilikuwa nyeusi ti. Kila safari tulifika nusu ya njia, mshale ukapanda, tukasimama juani na embe zikaanza kutoa maji na kuita nyuki. Bile alifunika mfuniko wa rejeta kwa gunia, akaufungua taratibu, akamimina. Gari linalochemka linataka maji zaidi, na maji hayo nilikuwa nikiyachota mimi.

Siku ya soko, adhuhuri, tulilisukuma hadi kwa fundi Charo pale Garsen, Mgiriama mfupi asiyependa maelezo. Baba alianza kumsimulia habari za gasketi. Charo aliweka kiganja juu ya rejeta na kukiondoa upesi, kisha akakiweka chini yake na kukiacha hapo, ametulia.

"Huku juu yaunguza, huku chini baridi," alisema. "Maji hayapiti. Imeziba."

Aliifungua, akaipindua juu ya katoni na kuigonga kwa ubao. Tope likaanguka mabonge mabonge, jekundu, limekauka nusu. Watu wa soko walikuwa wameshasogea. "Hii gari mwaiendesha ama mwaipanda mpunga?" Charo aliuliza, na kicheko kikapasuka. Baba hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani anatia maji humu?"

"Mimi, Baba Salome," Bile alijibu. "Natia maji ile iko kwa jerikeni."

Salome ni mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nimelikumbatia hilo jerikeni tupu. Bile aligeuka akanitazama mara moja tu, wala si kwa hasira, na mimi nikangoja aseme. Hakusema. Baba akapaza sauti watu wote wasikie: "Kikulacho ki nguoni mwako!" Mwaka ule wakulima na wafugaji walikuwa wakizozana juu ya njia za kupitishia ng'ombe kwenda mtoni, na neno kama hilo lilitosha. Mtu mmoja alisema ametutilia tope makusudi. Mwingine akasema si Baba alionywa asimpe kazi. Bile alivua koti la kazi ambalo Baba alimpa, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti, akashika njia kwa miguu. Maneno matatu yangetosha: ni mimi, Baba. Niliogopa fimbo. Sina sababu nyingine ya heshima zaidi ya hiyo.

Mke wa Bile hakuja kwetu tena. Tulisikia Bile amehamia Chewele na jamaa yake, anachunga ng'ombe wa watu, na kabla ya mvua nyingine tukasikia amekufa huko kwa homa. Baba alipewa habari hizo akiwa anakula, akaosha mikono na kuondoka. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kati ya yale mapipa mawili. Tangu siku hiyo nikisikia mtu ameitwa "mama" kwa utani nageuka.

Siku hizi barabara kuu ni ya lami, na maji ya rejeta yanauzwa dukani Garsen, ya kijani na ya waridi, hayana haja ya kutulizwa wala hayana mamba. Nina gari langu, na mafundi wa leo huchomeka mashine ikawaambia ugonjwa kabla hawajashika spana. Baba ni mzee, macho yamefifia. Mwaka juzi, tukimenya ndizi barazani, nilimwambia yote: mamba, jerikeni, ukimya wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake miaka yote hiyo. Aliendelea kumenya.

"Nilijua," alisema. "Kila asubuhi ulikuwa na tope la mto mpaka magotini, na pipa halijaguswa. Charo alipoipindua ile rejeta nikajua palepale."

"Basi mbona ulimfukuza?"

"Watu walikuwa wananisema, mwanangu. Kwamba nalisha Mworma na vijana wetu wamekaa bure. Nilikuwa natafuta sababu." Aliweka kisu chini. "Na Bile alijua kuwa najua. Ndiyo maana hakujitetea."

Nilidhani kusema kungenipunguzia mzigo, kumbe sasa tunaubeba wawili na haukupungua. Anasema mke wa Bile yu hai, yuko Chewele kwa mwanawe wa kwanza, na ukiuliza utaonyeshwa. Gari langu halichemki. Ni safari ya asubuhi moja tu, na huu ni mwaka wa pili naipanga.