Mtani wa Uongo Msibani Mikumi

Mkasa huu nyumbani Kilosa sijawahi kuusimulia, maana mama akiusikia atajifunika khanga usoni, lakini nyie ni wenzangu, chekeni tu, mimi mwenyewe nilianza kwa kucheka nikaishia kulia.

Mnajua nilianza chuo cha pwani kabla sijahamia cha mjini. Kule pwani tuliishi kama ukoo mmoja: jioni wote mchangani, mtu akiugua unagongewa mlango, akifiwa unagongewa mlango, na ikitokea safari kila mtu anatinga shati la maua na mmoja anabeba spika. Mjini kila mtu na hamsini zake. Unamsalimia mtu koridoni anakutazama kama umekosea njia, na habari zote zinapita kwenye grupu la WhatsApp, ambalo mimi (mjuaji) nililizima sauti kwa sababu ya kelele zake. Aliyenichangamkia alikuwa Neema peke yake, binti wa Mikumi, tukakaa dawati moja mwaka mzima, na niseme ukweli, nilimpenda, ila sikuwahi kumwambia.

Basi likizo ikafika, nipo Kilosa, nachungulia grupu, nasoma ujumbe wa mwisho tu: tukutane kwa kina Neema, Mikumi, Jumamosi asubuhi. Nikajua hiyo ni mbuga, tunaenda kuona tembo. Kupandisha juu nisome yaliyotangulia nikaona uvivu. Nikavaa shati la maua, miwani ya jua, kofia ya ukili, na pale stendi ya Mikumi nikachukua bodaboda, spika inaunguruma mapajani, nikashushwa mbele ya turubai ambalo watu wamekaa mikekani kimya, wanadarasa wenzangu wachache wamevaa nguo nyeusi.

Nikazima spika. Mzee mmoja, mjomba wa Neema, akanikazia macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtani wetu?"

(Mtani, mtu wa kabila mnalotaniana nalo, mnajua, ana ruhusa ya kufanya vituko msibani na hakuna wa kumkasirikia.) Ningesema ukweli ningesemwa kidogo yakaisha. Lakini nikajibu, "Ndiyo mzee, mimi Mnyamwezi." Mimi, Mkaguru wa kuzaliwa, nisiye na utani na wafiwa wale hata chembe.

Turubai zima likachangamka. Kina mama wakanirushia khanga. "Haya mtani, tuigizie marehemu." Marehemu mwenyewe simjui, nikabahatisha kwa ile khanga kuwa ni mwanamke, nikajidanganya atakuwa bibi. Nikajifunga, nikaokota fimbo, nikachechemea mguu wa kushoto huku nikigombeza kuku. Watu wakacheka mpaka machozi, mama mmoja akasema, "Ndiye huyo, mguu wake ule ule." Nikanogewa, nikazunguka nikichechemea mpaka mlangoni, ambako Neema alikuwa amekaa chini, macho yamevimba, shangazi yake amemshika mkono akimwambia, "Nyamaza mwanangu, mama yako amepumzika." Fimbo ikanitoka mkononi.

Baada ya mazishi nilimfuata nikamweleza kila kitu, grupu, spika, uongo wa Unyamwezi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu wa mama uliujuaje?"

"Sikuujua. Nilibahatisha tu."

"Uliuma tangu tulipoanza kukaa dawati moja," akasema taratibu. "Nilikuwa nasubiri siku moja uniulize, nyumbani kwenu hawajambo?"

Mwaka mzima nilimchosha kwa hadithi za pwani, jinsi tulivyopendana kule na jinsi watu wa mjini walivyo na roho ngumu, na yeye ananisikiliza huku mama yake anaumwa. Siku hizi anakaa mbele na wengine, tukikutana ananiitikia salamu vizuri tu, na hilo ndilo linaloniuma. Nimeapa, sasa nikikutana na mtu namuuliza mama hajambo, baba hajambo, mpaka wananiona msumbufu, lakini yule niliyepaswa kumuuliza hana tena mama wa kuuliziwa.